Mwalimu Nyama

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya yote nataka kujua hali yako, hali ya shemeji, na hali ya lile goti lako ambalo ulinieleza kwamba siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chenye mgongo, maana ni ndefu, na mwandishi wake hajazoea kuandika kwa watu wazima. Sisi huku tu wazima wa afya. Mke wangu anakusalimu sana, na anasema ile picha ya mjukuu wako ameiweka juu ya kabati, na hakuna mgeni anayetoka humu ndani bila kuelezwa pua ile imetoka upande gani wa ukoo. Upande wetu, kwa mujibu wake.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Mimi na wewe tumezoea simu: tunajuliana hali, tunataniana kidogo, mtandao unakatika, basi tumemaliza. Kwa nini safari hii nimeshika kalamu utaelewa ukifika mbele. Kwa sasa nikupe habari njema kwanza. Kaka, mimi si muuza nyama tena. Mdogo wako, katika umri wa miaka hamsini na moja, na kitambi hiki unachokijua, ni mwalimu wa chekechea.

Cheka kwanza. Mimi nitakungoja.

Ukishamaliza kucheka, nisikilize. Tangu baba atutoke, miaka kumi na tisa sasa, nimesimama kila siku nyuma ya gogo lake la kukatia nyama katika duka alilotuachia. Sikuwahi kukueleza kwamba kazi ile sikuipenda hata siku moja. Nyama yenyewe naipenda, tena ikiwa kwenye sahani tunaelewana vizuri mno. Ila kuikata, Kaka, sikujaliwa. Mteja akitaka vipande sita anapata saba, na cha nane ni ajali. Mbavu nilizipasua kama mtu anayepasua kuni. Wateja walinivumilia kwa heshima ya marehemu. Fundi saa, jirani yetu, aliwahi kuniuliza kwa upole kama ng'ombe huyu alichinjwa au aligongwa na lori.

Mambo yaligeuka mwaka juzi, asubuhi moja ya mvua. Unaikumbuka ile shule ndogo yenye ukuta wa njano, ng'ambo ya barabara kutoka dukani? Mwalimu wa darasa la wadogo kabisa alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa bado kama mwezi hivi. Asubuhi ile uchungu ukamjia akiwa ubaoni. Mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, akavuka barabara mbio, chaki bado iko mkononi. Mwalimu mwingine alikuwa msibani, na mwalimu mkuu mwenyewe ndiye mwenye gari la kumpeleka mgonjwa hospitali. Akaniambia, "Mzee, nishikie watoto nusu saa tu." Sikumbuki kama nilijibu. Nakumbuka nimemwachia fundi saa duka zima, amesimama na nusu kilo yake mkononi, na mimi navuka barabara huku navua aproni.

Kaka, wamo thelathini na mmoja mle ndani. Thelathini na mmoja, wa miaka minne mitano, na wote wakanyamaza kwa pamoja waliponiona mlangoni. Nikaona nikisimama nitawatisha, bora nikae. Nikakikalia kiti cha mwalimu. Kumbe ni kiti cha mtoto. Kikapasuka chini yangu, puu! Nikajikuta chali, miguu juu. Halafu mmoja akacheka, na wote wakalipuka. Mimi nikaona hapa hakuna la kupoteza, nikajifanya siwezi kuinuka. Nikawaomba wanivute. Wakanivuta mikono, wakanivuta miguu, wengine wakapanga mstari kumvuta anayenivuta, na hakuna aliyekumbuka kulia.

Kuna binti mmoja wanamwita Kwa Nini, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Akanisogelea, akaninusa begani, akauliza kwa nini nanuka. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi nauza nyama. Akawageukia wenzake akawatangazia, "Huyu ni Mwalimu Nyama." Jina likaganda papo hapo. Mpaka leo hakuna kikao wala barua ya ajira iliyoweza kulibandua.

Nusu saa ikawa masaa manne. Tulihesabu vizibo vya chupa, tukaimba wimbo wa chura niliokuwa nawaimbia wanangu walipokuwa wadogo, tukapangusana kamasi. Wazazi walipokuja adhuhuri kuchukua watoto wao wakakuta muuza nyama yuko sakafuni, chaki nywelini, na watoto wawili wamelala kwenye mapaja yake. Mwalimu mkuu akarudi na habari kwamba mwenzake amejifungua salama, mtoto ana sauti ya kengele. Jioni ile nikarudi kwenye gogo langu, na nikajikuta natabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui amrudishie nani.

Tangu siku ile ikawa kila Jumatano nakwenda kuwasimulia hadithi. Saa moja tu, nikirudi dukani mikono haitaki kushika shoka. Mke wangu ndiye aliyegundua. Aliniambia kwamba Jumanne jioni naoga kwa makini kuliko siku ya harusi yetu, na akataka kujua mwanamke huyo ni nani. Nikamweleza wapo thelathini na mmoja. Siku iliyofuata akaja mwenyewe kuchungulia dirishani, akarudi nyumbani.

Mwalimu mkuu ndiye aliyenifungulia njia. Yule mwalimu aliyejifungua aliamua kubaki na mtoto wake, na shule ilikuwa inamtafuta mtu wa kudumu. Akanieleza kwamba chuo cha ualimu kina mafunzo ya walimu wa awali, alasiri tatu kwa wiki, miaka miwili, na kwamba kwenye fomu hakuna mahali palipoandikwa wazee hawatakiwi. Yeye atanivumilia kama msaidizi, asubuhi mbili tu kwa wiki, mpaka nipate cheti. Nikaenda nayo fomu nyumbani, nikaificha chini ya redio kama kijana aliyeandikiwa barua ya mapenzi. Mke wangu akaiona, akasema, "Umri huu wenzako wanatafuta miwani, wewe unatafuta madaftari." Nikadhani ndiyo mwisho wa habari. Akainuka, akafungua lile sanduku la bati, akachimbua cheti changu cha kidato cha nne chini ya mablanketi, akakipuliza vumbi, akakiweka mezani. Halafu akaenda kunipigia pasi shati.

Siku ya kwanza chuoni niliingia darasani na wanafunzi wote wakasimama kunipa shikamoo, wakidhani mkufunzi amefika. Nikawaitikia marahaba, nikatembea mpaka dawati la nyuma, nikaketi. Mkufunzi wa kweli alipoingia akawa ni msichana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Kwa mwezi mzima alishindwa kuamua aniite baba au mwanafunzi. Lakini Kaka, nilisoma. Nilisoma kwenye gogo, nilisoma kwenye foleni ya benki, nilimsomea mke wangu saikolojia ya mtoto mpaka akawa anawachambua majirani.

Kwenye mafunzo ya vitendo nilikaribia kuharibu kila kitu. Mkufunzi alikuja kunikagua, akaketi nyuma na karatasi zake. Somo lilikuwa wanyama wa nyumbani. Nikachora ng'ombe ubaoni, ng'ombe mzuri tu, na kwa mazoea ya mkono nikaanza kumgawa kwa mistari: paja hapa, kifua hapa, mbavu, mkia. Niliposhtuka nilikuwa nimemaliza ng'ombe mzima. Watoto wakashangilia, kila mmoja akataka kupaka rangi kipande chake, na Kwa Nini akauliza kwa nini ulimi sijauandika. Nikageuka taratibu kumtazama mkufunzi. Alikuwa amefunika uso kwa karatasi, mabega yanamtikisika. Alinipa alama nzuri, na chini akaandika kwamba mwalimu anatumia vyema maarifa ya mazingira yake.

Cheti nilipewa mwezi uliopita. Wanangu wote wawili walikuja. Shule imeniajiri rasmi. Kaka, naamka asubuhi na miguu inatangulia kushuka kitandani kabla mimi sijaamua. Sikujua kwamba kuna watu wanaishi hivi.

Sasa nikuhamishie upande wa pili, kwa sababu hakuna mwalimu bila aliyemshikia duka. Mambo yote haya yalipoanza, mdogo wetu Kitinda ndiye aliyeniokoa. Unajua alivyokuwa, kutwa katika chumba cha kufulia cha ile hoteli, anapiga pasi mashuka ya watu asiowajua. Mwanzoni alikubali kuja alasiri tu, akitoka kazini, ili mimi niende chuo. Siku ya kwanza nilichelewa kuondoka kwa makusudi nione atakavyofanya. Alifunga kitambaa kichwani, akakinusa kisu changu, akaguna, akakaa kukinoa kwa robo saa nzima huku mteja anamngoja. Kisha akakata. Kaka, alikata kama mtu anayefunua kanga. Kisu kilikuwa kinapita mahali nyama yenyewe inapotaka kuachana. Hakuna mfupa uliovunjika ovyo, hakuna kilichobaki kwenye gogo. Fundi saa alipokea kifurushi chake, akakitazama, akanitazama mimi, akatoka bila kuniaga.

Baada ya miezi mitatu wateja walianza kuuliza asubuhi kama yule dada yupo. Nikiwaambia anakuja alasiri, wanasema basi watarudi. Baada ya mwaka akaacha hoteli. Sasa foleni inafika kwa kinyozi, na mama mmoja anavuka mitaa minne kuja kununua maini kwake tu, eti ndiye anayejua kuyaosha. Nilipomuuliza ujuzi ule ameutoa wapi akanishangaa. Alisema baba alimsimamisha juu ya kreti tangu ana miaka tisa, akamfundisha kila kiungo, wakati mimi na wewe tuko nje tunacheza mpira. Nilikuwa nalijua hilo. Nilimuuliza tu kwa sababu moyo ulikuwa unanichoma na mdomo ulitafuta pa kupumulia.

Basi Kaka, hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika. Nimeshanywa vikombe viwili vya chai kabla ya kuandika mstari huu.

Unakumbuka baba alivyofariki, mimi nikiwa peke yangu chumbani. Ilikuwa mchana, Kitinda ametoka kufuata dawa, wewe uko njiani unakuja. Nilikuelezeni wote kwamba baba aliniambia niendeshe duka. Asubuhi ya baada ya mazishi ulinivuta nyuma ya nyumba, pale kwenye pipa la maji, ukaniuliza kwa macho makavu, "Mzee hakumtaja mdogo wetu?" Nikatazama maji. Nikakujibu hapana, hakumtaja.

Alimtaja, Kaka. Alimtaja yeye tu. Alinishika kifundo cha mkono, akasema, "Kisu mpe Kitinda. Wewe mkono wako ni wa kubembeleza, mwanangu, si wa kukata. Yeye ndiye mwenye mkono." Hayo ndiyo maneno yake, hakuna nililoongeza. Akasema nimsaidie mpaka asimame, kisha nitafute riziki yangu. Baada ya hapo hakusema tena.

Mimi nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Kiwanda cha mbao kilikuwa kimenipunguza kazi, mwanangu wa pili ana miezi mitatu, na duka lile ndilo jambo pekee nililoliona mbele yangu. Nikajiambia nitamweleza baada ya arobaini. Baada ya arobaini nikajiambia baada ya mwaka. Na uongo ukishapata pa kulala hautafuti nyumba nyingine. Kitinda aliniomba abaki dukani kama msaidizi, nikamkatalia. Nilimwambia baba alitaka mkono mmoja. Ukweli ni kwamba nisingeweza kumtazama kila siku anakata nyama vizuri kuliko mimi, kwenye gogo lake mwenyewe. Akaenda kupiga pasi. Ana kovu la pasi kwenye mkono wa kulia, refu kama kidole, na kila nilipoliona nilijua limeandikwa na nani.

Nilimwambia Jumapili ya wiki ile niliyopata cheti. Duka lilikuwa limefungwa, tunasugua gogo kwa chumvi na maji ya moto. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanikimbia, nikabaki na yale ya baba tu. Akaendelea kusugua. Halafu akaniuliza, "Alisema mkono?" Nikarudia. Akanitaka nirudie tena, neno kwa neno, na nikarudia. Machozi yakamtoka lakini uso haukukunjamana, alikuwa kama mtu anayesikia wimbo. Nadhani kwa muda kidogo alinisahau kabisa, alikuwa na baba yake. Kisha akanikumbuka. Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Siku tatu hakuja wala hakupokea simu. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa, nikafungua duka mwenyewe, na wateja walinitazama kama mwizi, nami nikaona wana haki. Alhamisi asubuhi akaingia. Hakunisalimu. Akaivua aproni shingoni mwangu, akajivika. Akasema hakuja kwa sababu amenisamehe, amekuja kwa sababu duka ni lake. Akasema kuna usiku amelia na kuna usiku amecheka, kwa sababu miaka yote ile alidhani baba alimfundisha kwa kukosa mtoto wa kiume anayesikia, na sasa amejua alifundishwa kwa kuwa ni yeye. Hilo, alisema, ndilo nililomwibia zaidi, kuliko duka.

Akanipa masharti mawili. La kwanza, twende kwa mwenyekiti wa mtaa, mbele ya mashahidi, niandike kwamba duka ni lake. Tumekwenda, nimetia saini, na fundi saa alikuwa shahidi wa kwanza, tena alikuja amevaa koti. La pili, nikueleze wewe, kwa mkono wangu mwenyewe, si kwa simu. Alisema kwenye simu nitakohoakohoa, nitalaumu mtandao, na mwisho nitakuuliza habari za goti.

Ndiyo maana ya barua hii, Kaka. Nilikudanganya ukiwa umetoka kumzika baba, na wewe peke yako ndiye uliyeuliza swali la haki. Nisamehe ukiweza. Kama huwezi kwa sasa, njoo unigombeze ana kwa ana. Shule inafunga mwisho wa mwezi ujao, nitakuwa na nafasi ya kutosha ya kugombezwa, na chumba cha wageni mke wangu ameshakifagia. Utakula nyama iliyokatwa na mwenye mkono. Juzi Kitinda alipita kwenye ukuta wa shule akanikuta naruka kichura na watoto nyuma yangu, akasimama pale muda mrefu, amejishika mbavu kwa kucheka. Hakujua kwamba namwona. Nikaruka mara tatu zaidi.

Nisalimie shemeji, wanao wote, na huyo mjukuu mwenye pua yetu. Mwambie ana babu anayejua kuanguka kwenye kiti kwa ufundi. Mungu akuweke, akulainishie na viungo.

Barua hii Kitinda ameisoma yote kabla sijaifunga, hilo nalo lilikuwa sharti ingawa halikuhesabiwa. Hapa mwishoni nilikuwa nimeandika kwamba amekwisha kunisamehe. Akaniomba kalamu. Amelikata neno "amekwisha," na juu yake, kwa mwandiko wake ule wa herufi kubwa, ameandika "anaendelea."

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu Nyama